Wiki Moja Bila Chumvi

Chuo kikuu kimeniandikia barua. Wanataka nusu ukurasa kuhusu Daktari Narumi Kiyoe, aliyefariki vuli iliyopita akiwa na miaka themanini, wauweke kwenye kitabu cha kumkumbuka. "Kumbukumbu nzuri," barua inasema. Nimewapa nusu ukurasa wao: kwamba alikuwa mchapakazi, kwamba alipenda matufaha yetu, kwamba hakuwahi kuchelewa. Yote kweli. Lakini huwezi kufanya kazi na mtu zaidi ya miaka thelathini ukammaliza kwa nusu ukurasa, na lipo jambo ambalo kitabu chao hakitalitaka. Haya ninayaandika mwenyewe, vidole vinaniuma, kwa hiyo sitaremba.

Mimi ni Fukushi Yasue. Nilikuwa muuguzi wa afya wa kijiji cha Onosawa, bondeni kwetu, ambako theluji ikianguka Desemba tunaagana na udongo mpaka Aprili. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka nyumba kwa nyumba kupima presha, kupima watoto uzito, na kuwapatanisha mama wakwe na wake za watoto wao, maana hilo la mwisho hupandisha presha kuliko yote.

Daktari alikuja Desemba ya mwaka 1978, matufaha yameshavunwa na wanaume hawana kazi. Alikuwa na miaka thelathini na minne, koti la kijivu, mabuti ya mpira ya kiume, na chupa za plastiki mia sita ndani ya lori. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na saba na nilimwogopa tangu siku ya kwanza. Hakuwa na salamu. Mtu akiinama kumwamkia, yeye aliuliza, "Jana ulikula nini?"

Siku zile kwetu wanaume walikuwa wanaanguka. Ndivyo tulivyosema, "ameanguka," kikiwa kiharusi ni hivyo, ukiwa mshtuko wa moyo ni hivyo hivyo. Mwanamume akifikisha sitini tulimfanyia sherehe, na ilikuwa sherehe kwelikweli, kwa sababu nusu ya rika lake walikuwa picha za ukutani. Daktari hakulipenda neno lile. "Ameanguka kwa nini?" aliuliza. "Mti nao huanguka. Mimi nataka kujua nani aliukata."

Baba yake aliuza pombe ya mchele mjini Hirosaki. Alianguka dukani akiwa na miaka arobaini na tisa, kipimo cha lita moja mkononi, mteja anangoja. Binti yake alikuwa sekondari. Habari hiyo alinipa mara moja tu, akiwa anavua mabuti mlangoni, na hakuirudia. Baadaye nilikuja kujua kwamba alipomaliza udaktari alipewa nafasi kwenye upasuaji wa moyo, nafasi ambayo wanaume waliigombea, akaikataa. "Kule nitamshona mmoja mmoja," aliniambia. "Mimi nataka wasifike kule." Alitaka kuwafuata watu wazima mia sita wa Onosawa mwaka hadi mwaka: wanakula nini, presha ngapi, moyo unadundaje, na mwishowe nani ameanguka na nani bado amesimama. Hakuna dawa ya ajabu, hakuna kupasua kifua. Ni kuhesabu na kungoja. Kazi ya namna hiyo inamla mtu polepole, na wala hapati wa kumpigia makofi.

Kila mtu alipewa namba, na kila mtu alipewa chupa akae nayo siku nzima, mchana na usiku, asipoteze tone. Chumvi uliyokula leo hutoka na mkojo wako kesho, na mkojo hauna haya.

"Daktari," alisema Bi Kasai Mitsu, mwenyekiti wa umoja wa wanawake, mfupi, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. "Nimezaa watoto sita na nimezika mume. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kunidai mkojo."

"Basi mimi wa kwanza," Daktari akamjibu. "Na usisahau ule wa alfajiri."

Matokeo yalisomwa ukumbini Februari. Gramu kumi na tisa za chumvi, kwa mtu mmoja, kwa siku moja. Daktari aliipima chumvi hiyo akaimwaga kwenye sahani nyeupe tuione, kisha akasema bila kupunguza makali, "Hii ndiyo inayowaua. Si baridi wala si mkosi. Ni hii." Watu mia mbili wakatazama magoti yao. Niliona masikio ya mzee wa kijiji yanaiva. Mgeni katoka mjini, kafunua mapipa yetu ya achari za mboga na chumvi mbele za watu, na kakuta uchafu.

Kesho yake asubuhi Bi Mitsu alikuja jikoni kwangu.

"Yasue, mwakani anakuja tena huyu?"

"Kila mwaka, mama. Desemba, juma la pili."

"Na sisi tutaijua tarehe mapema?"

"Nitaandika tangazo nilipitishe kila nyumba."

"Basi yamekwisha." Akanywa chai. "Mwakani hatumwaibishi tena yule binti wa watu. Katoka mbali, kalala chumba cha shule chenye upepo, halafu sisi tunampa chupa za aibu akawasomee wakubwa zake!"

Hapo ndipo niliposema neno ambalo nimelibeba mpaka leo. Nilisema, "Ndiyo, mama. Tusimwaibishe." Kisha nikaenda nikaandika tangazo, na chini ya tarehe, kwa mwandiko wangu bora, nikaongeza: Tujiandae vyema kumpokea Daktari.

Watu wa kwetu ukiwaambia wajiandae, wanajiandaa. Mgeni akija tunafagia hata nyuma ya kabati. Basi tukafagia na miili. Siku nne kabla ya Daktari kufika, mapipa ya achari yalifungwa na kuwekewa jiwe la pili juu ya lile linalogandamiza mboga. Samaki wa chumvi walipandishwa darini. Mchuzi wa miso, ile soya ya chumvi iliyochachushwa, ulitiwa maji mpaka unaona chini ya bakuli. Daktari mwenyewe alikula kwa zamu kwenye nyumba zetu, na mwaka wa tatu nilimsikia akimwambia mwenzake kwa furaha, kama mtu anayesifu, kwamba chakula cha Onosawa sasa hakina ladha kabisa. Na gari lake likishavuka daraja kurudi mjini, ungeyasikia mawe yanashushwa kutoka kwenye mapipa, nyumba hii, nyumba ile, mpaka mwisho wa barabara. Tuliicheka sana sauti ile.

Mume wangu Eikichi aliiita wiki ya matanga. Alikuwa mkata matawi ya matufaha, mikono mirefu, tumbo halijui shibe. Kwa kuwa alikuwa mume wa muuguzi, nilimbana kuliko mume yeyote kijijini. Alikaa mbele ya bakuli la mchuzi wa maji akilitazama.

"Mama watoto, Daktari anaondoka lini?"

"Ijumaa. Kula."

"Nife kwa chumvi au nife kwa huzuni? Niambie tu, nijipange."

"Kula, bwana wee. Namba yako ikitoka mbaya watanicheka mimi."

Ijumaa mchana alikuwa tayari amefungua pipa, figili moja mkononi, anaitafuna wima wima kabla hajavua koti. Nami nilikuwa nacheka.

Chumvi ya Onosawa ikashuka, kwenye karatasi. Kumi na tisa, kumi na mbili, kumi, tisa na nusu. Ule mchoro wa mstari unaoteremka ulimpeleka Daktari kwenye mikutano Tokyo na ng'ambo. Alirudi na zawadi za biskuti, akatuinamia ukumbini, na akina mama wakalia. Tulidhani tumempa kitu. Hata mimi, niliyesomea mambo haya, nilijiambia kwamba siku chache kila mwaka ni mwanzo, na mwanzo una njia ya kuendelea wenyewe.

Ila watu waliendelea kuanguka. Walipungua kidogo, kwa sababu ya vidonge vya presha, lakini si kama mstari ulivyoahidi. Na Daktari hakuwa mtu wa kujidanganya. Alianza kutafuta. Alitafuta miaka na miaka. Alipima ubaridi wa vyoo vya nje. Alihesabu sigara, vikombe vya pombe, saa za usingizi, na mizigo ya theluji ambayo mtu anaipiga koleo kabla ya kifungua kinywa. Alipima maji ya visima vyote. Nilimbebea vipimajoto kuingia vyooni mwa watu, nikijua, na nikimwambia, "Pole, Daktari, labda mwakani." Nywele zake zikawa nyeupe kwa kazi ya kutafuta kitu ambacho tulikuwa tumekificha darini. Nikikumbuka hilo sijisikii vizuri hata leo.

Mara moja tu tulikamatwa hatujajiandaa. Desemba ya 1983 theluji ilifunga bonde, simu zikakatika, upimaji ukaahirishwa bila tarehe. Mwisho wa Januari, asubuhi moja, Daktari akatokea kwa miguu nyuma ya mtambo wa kusukuma theluji, amebeba chupa mgongoni, pua nyekundu. "Leo," alisema. "Tunaanza leo." Sikuwa na tangazo. Kila nyumba ilikuwa bado inakula vya mwaka mpya: samaki wa chumvi, mayai ya samaki ya chumvi, achari za kila aina.

Bi Mitsu alinishika mkono nyuma ya ukumbi. "Yasue, tumepatikana."

"Kunyweni maji mengi," nilimwambia. Huo ndio ulikuwa utaalamu wangu.

Maji hayakusaidia. Mashine ya kupimia mkojo ilitoa gramu kumi na saba na kitu. Aliyeiendesha alikuwa Bwana Akaishi, fundi wa maabara ya chuo, mtu mzima mpole aliyeosha vyombo mara tatu pale ambapo mwingine angeosha mara moja. Daktari aliiweka karatasi mezani mbele yetu sote.

"Hukuirekebisha mashine kabla ya kupima."

"Niliirekebisha, Daktari. Na nimerudia sampuli zote mara mbili."

"Basi umekosea mara mbili."

Bwana Akaishi aliinama. Nilikuwa nimesimama hapo na sinia la chai. Mtu mmoja katika chumba kile alijua kwamba mashine ni nzima na fundi ni mzima, na mtu huyo alimimina chai akaondoka na sinia. Majira ya kuchipua Akaishi aliomba uhamisho akaenda hospitali ya pwani, akapime kisukari cha wavuvi. Matokeo ya mwaka ule Daktari aliyatia kwenye sanduku, akaandika juu yake kwa kalamu nene HITILAFU, na hakuyaingiza kwenye hesabu.

Eikichi wangu alianguka Februari ya 1998. Alikuwa juu ya ngazi akikata matawi, jirani akasikia msumeno umenyamaza. Miaka hamsini na miwili. Daktari alikuja mazikoni na koti lake la kijivu, akafukiza ubani, akakaa nami muda mrefu. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa, "Alifanya kila kitu sawasawa. Sielewi." Mimi nilikuwa naelewa. Wahenga husema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kwetu kifo kilikuja, kikachukua, na bado hatukuumbuka. Nilimshukuru kwa kuja.

Sasa nifike kwenye Machi ya 2009. Daktari alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi, na mkoa ulikuwa unangoja ripoti yake ya mwisho. Wakubwa walitaka kujua kama waendelee na mafunzo ya kupunguza chumvi katika vijiji vyote vya milimani au wayafute, na walishasema kwamba neno la Daktari Narumi ndilo litakaloamua. Alikuja ofisini kwangu mchana, theluji inadondoka matone kutoka kwenye paa, akavuta kiti, akakata tufaha kwa kisu chake cha mfukoni, nusu yake, nusu yangu, kama alivyofanya siku zote. Nilimtazama mikono nikaona imekuwa ya bibi kizee.

"Bi Fukushi, nimechoka," alisema. "Nimetafuta kila mahali. Sikiliza nilichoandika, uniambie kama ni kigumu kueleweka."

Akasoma. Ilikuwa lugha safi, ya mtu aliyekubali kushindwa kwa adabu. Katika kijiji hiki chumvi ilishuka kwa nusu, na mioyo haikuokoka. Hatuna ushahidi kwamba mafunzo yana faida. Halafu akafungua ukurasa mwingine.

"Hapa nimeweka mfano, watu wa mkoani wanapenda mifano. Mshiriki namba 417, mwanamume, mkulima. Tangu mwaka wa pili wa upimaji, chumvi gramu nane au chini kila mwaka, miongoni mwa wa chini kabisa kijijini. Hakuvuta sigara. Presha yake ilipanda mwaka hadi mwaka, na alifariki kwa mshtuko wa moyo akiwa na miaka hamsini na miwili. Kama chumvi ingekuwa ndiyo sababu, mtu huyu angekuwa hai." Akanitazama juu ya miwani. "Inaeleweka?"

Yeye alikuwa na namba, majina yalikaa kwangu. Daftari la majina nililiandika mimi, na mia sita zote nazijua kwa moyo. Nikakitema kipande cha tufaha kiganjani.

"Huyo ni Eikichi," nikasema.

"Eikichi yupi?"

"Wangu."

Akaweka karatasi chini. "Nisamehe. Sikujua. Nitamwondoa, nitaweka mfano mwingine."

"Hapana, Daktari. Si hivyo." Nilitaka kukaa, kumbe nilikuwa nimekaa. "Hakuwa anakula gramu nane. Alikula figili za chumvi kama ng'ombe anavyokula majani. Alikula gramu nane wiki ukija."

Hakuelewa. Nikamwambia yote, bila mpangilio: tangazo, mawe ya mapipa, samaki darini, mchuzi wa maji, gari likivuka daraja. Nikamwambia ni kijiji kizima, ni kila mwaka, na mwanzilishi ni mimi. Husema njia ya mwongo ni fupi. Yetu ilikuwa na urefu wa miaka thelathini, na tuliitembea tukicheka.

Kisha akauliza, polepole sana, "Kwa nini?"

"Tulikuheshimu."

"Mliniheshimu," alisema. Akakifunga kisu, akakifungua, akakifunga. "Nimepima vyoo vya watu, Bi Fukushi. Nimepima ubaridi wa vyoo mia moja na arobaini. Na wewe ulinishikia taa."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo sina kitu. Nina mwaka wa kwanza, halafu nina adabu zenu."

Nilitamani anipige. Alikuwa na haki. Alisimama akatazama nje dirishani, na nilidhani anaondoka, ila akaja akaniuliza jambo ambalo daktari tu angeuliza wakati ule.

"Kila mwaka? Hakuna hata mmoja mliousahau?"

"Mmoja. Ule wa theluji. Sikuwa na muda wa kupitisha tangazo."

Akavua miwani. "Akaishi," alisema.

Masanduku yote yalikuwa chumba cha nyuma, kwa sababu hakuwahi kutupa karatasi hata moja. Tulilishusha lile la HITILAFU wawili, vizee viwili na ngazi mbovu, tukalifungua sakafuni. Kadi zilikuwa zimepangwa kwa namba, kwa mkono wa Bwana Akaishi, mwandiko mdogo ulionyooka, na kila kadi ilikuwa na majibu mawili kwa sababu kweli alirudia. Daktari alipiga magoti na koti lake akazipekua kwa kidole. Mia tatu, mia nne. Akatoa moja, akaisogeza kwenye mwanga.

"Mia nne kumi na saba," akasoma. "Gramu ishirini na moja. Marudio, ishirini na moja na nusu."

Nikaangua kicheko. Sikuweza kujizuia. Ishirini na moja na nusu! Wa kwanza kijiji kizima, naapa. Nilimwona kabisa, koti halijavuliwa, figili mkononi, sosi ya soya kidevuni. Miaka ishirini nilikuwa nimempelekea Daktari mtu mwingine kwenye chupa, mtu mtiifu asiye na njaa ambaye sikuwahi kuolewa naye, na mume wangu mwenyewe alikuwa amelala humu ndani ya sanduku la makosa. Kicheko kikageuka. Daktari alikaa nami sakafuni mpaka nilipomaliza, hakunigusa, hakuwa mtu wa kugusa watu, lakini hakuondoka.

Wiki iliyofuata aliitisha watu ukumbini. Hakusoma mchoro wowote. Alisema kwa sentensi tatu kwamba amejua. Ukumbi ukawa kama siku ile ya sahani ya chumvi, magoti, magoti tu, mpaka Bi Mitsu, aliyekuwa na miaka themanini na mmoja na amebaki na sauti ile ile, akasimama kwa fimbo.

"Tulikupikia vizuri, Daktari! Hatukukukosea. Mwaka hadi mwaka tuliteseka kwa ajili yako."

"Najua, Bi Kasai," alisema Daktari. Alikuwa amechoka hata kukasirika. "Mlinipikia mimi. Laiti mngejipikia nyinyi."

Bi Mitsu alibaki amesimama kidogo. Alikuwa amezika wana wawili, wote walianguka. Akakaa.

Ile ripoti hakuipeleka. Aliomba mkoa umpe miaka mitatu, wakanuna, wakampa bila mshahara. Kwanza alipanda treni kwenda pwani kumtafuta Bwana Akaishi, aliyekuwa amestaafu na anafuga njiwa, na sijui walisemezana nini. Aliporudi aliniambia tu, "Amenipa chai. Hakuwa na haja ya kunipa chai." Mimi nilimwandikia Akaishi barua. Alijibu kwa kadi ya mwaka mpya, salamu za kawaida, na huo ni msamaha au ni adabu, sitajua.

Kisha akaanza kutujia bila taarifa. Machi, Julai, katikati ya mavuno, siku ya arusi ya mtu, Daktari huyo mlangoni na chupa, miaka sitini na sita, sitini na saba, mabuti yale yale. Watu walimlaani kwa nyuma. Gramu zilitoka mbaya, na zikatoka mbaya tena, na mwaka wa tatu zikashuka kidogo, kwa gramu moja na nusu, ya kweli. Aliniandikia namba hiyo kwenye kipande cha karatasi akanipa kama mtu anayekupa tufaha. Hakupata tuzo kwa hiyo. Mstari wake wa zamani aliufuta mwenyewe, kwa barua kwa kila jarida lililouchapa, na baadhi ya wenzake waliacha kumwalika. Mafunzo ya milimani hayakufutwa.

Ripoti ya mwisho ninayo. Ni nzito, na sina macho ya kuisoma yote. Nafungua ukurasa wa sitini na mbili, ambako alikataa kumwondoa Eikichi, kwa idhini yangu: Mshiriki namba 417, mwanamume, mkulima. Chumvi gramu ishirini na moja na nusu. Alifariki akiwa na miaka hamsini na miwili. Mwanangu wa kiume, ambaye sasa anakaribia umri ule, aliniuliza juzi kwa nini ukurasa huo umechakaa hivyo. Nilimsomea. Tulikuwa mezani, na alikuwa ameshika chupa ya sosi ya soya juu ya sahani yake. Aliishikilia hapo muda kidogo, kisha akaniuliza, "Mama, unanitazama mimi, au ni Daktari anakuja?"

"Hakuna anayekuja," nilimwambia. "Ameshakufa. Ni sisi tu."